Mwulize Mama Avoka: Gundi, Beringi na Karatasi ya Dola 1500

Barua za mwezi huu zimefika zikinuka oili. Nilikuwa nimejiandaa kujibu za urithi na za wapangaji, kama kawaida ya ukurasa huu wa avoka (wakili), lakini hizi tatu zimekaa mezani kwangu hapa Lubumbashi zikitazamana, na mbele kidogo mtaona kwa nini nimeshindwa kuzitenganisha. Marehemu baba yangu alikuwa fundi mkerezaji katika karakana ya migodi. Kwa hiyo mnivumilie leo nikishika grisi kidogo kabla ya kushika sheria.

*

SWALI: Mama Avoka, jambo. Nina duka dogo la vipuri karibu na soko la Kadutu, Bukavu. Nimeletewa katoni ya gundi ya kushikizia nati na beringi. Nilipotikisa chupa nikasikia inacheza ndani, nikaiinua kwenye mwanga: nusu! Nikafungua katoni nzima, zote hivyo hivyo. Aliyeniletea anasema ndivyo zinavyotoka kiwandani. Wateja wananiambia ninawaibia. Naweza kumshitaki? *Mama wa Vipuri, Bukavu*

JIBU: Usimshitaki bado, mama. Vaa miwani usome lebo kwanza. Kama imeandikwa mililita 50, imwage chupa moja katika kikombe cha plastiki chenye alama za kipimo, uone kama hazitimii. Moja tu, kwa sababu ukishaimwaga huruhusiwi kuirudisha. Nadhani utakuta 50 zako zimo. Chupa ndiyo kubwa.

Gundi hii haifanani na ile ya washona viatu. Ya viatu hukauka kwa kuwa dawa iliyoiyeyusha huruka hewani ikaacha utando. Hii mwenendo wake ni kinyume: oksijeni ya hewa ndiyo inayoizuia isigande. Ikiwa wazi, inabaki majimaji. Ukiibana kati ya chuma na chuma, hewa ikakosekana na chembe za madini zikaigusa, inageuka ngumu. Ndiyo maana kiwandani huiweka katika chupa ya plastiki inayopenyeza oksijeni kidogo kidogo, na juu wanaacha nafasi. Nafasi hiyo unayoiona kuwa wizi ndiyo pumzi yake. Mimi chupa iliyojaa hadi shingoni ndiyo ingenitia wasiwasi, kwamba kuna mtu ameijaza upya nyuma ya duka.

Ukitaka kuwanyamazisha wateja, fanya jaribio mbele yao. Chukua bolti na nati yake, viondoe grisi vizuri, tia tone, kaza. Tone jingine liache juu ya kipande cha kioo. Kesho yake nati iwe imekataa kutoka kwa mkono, na tone la kwenye kioo liwe bado linateleza. Kama la kwenye kioo limekuwa gumu kama ukucha, umeuziwa gundi ya namna nyingine, labda ile ya haraka inayoshika kwa unyevu wa hewa, ndani ya chupa yenye jina la wenzao. Hapo njoo tuzungumze mashitaka. Yatakuwa ya alama ya biashara na ya udanganyifu katika kuuza, na nitataka risiti, katoni na chupa ambayo haijafunguliwa.

Iweke mahali pa baridi, kati ya nyuzi 8 na 21. Kwa hilo nyinyi wa Bukavu mmebarikiwa. Sisi huku mwezi wa kumi hata siagi inakuwa supu. Na mwambie kijana wa dukani asizibue mdomo wa chupa kwa msumari. Chuma ndicho kinachoiamsha.

*

SWALI: Jambo Mama Avoka. Mimi ni fundi wa malori, nina garaji Katuba, mwaka wa 11 sasa. Malori yanayopanda Kolwezi na kushuka Kasumbalesa yananiletea maboksi ya gia na mapampu ya maji ambayo kiti cha beringi kimelika, beringi inazunguka ovyo ndani ya tundu lake. Zamani tulikuwa tunatia kipande cha kopo, au tunapigapiga ukuta kwa patasi ili ukaze. Mimi nakereza bushi ya chuma, yaani pete ya kujaza pengo, naipachika kwa gundi ndani ya nyumba ya alumini inayobeba beringi. Ila sipaki tu hivi hivi. Nina namna yangu: *(hapa nimefuta mistari sita, nitaeleza. Mama Avoka)*. Malori 40 yamepita mkononi mwangu, limerudi moja. Mwezi wa pili nilipiga video nikaiweka kwenye WhatsApp yangu watu waone. Wiki mbili hazijaisha akaja muuzaji mmoja wa vipuri wa mjini, ana karatasi za Kiingereza zenye michoro ya injini, anasema namna hiyo ina breve ya kampuni ya Ulaya na yeye ndiye mwakilishi wao. Nilipe dola 1500 za ruhusa, la sivyo atanifungia garaji. Mama, mtu anaweza kumiliki kubandika? Na kama anaweza, mbona nisimiliki mimi? Nimekutumia picha ya ukurasa wa kwanza wa karatasi zake. *Fundi wa Katuba, Lubumbashi*

JIBU: Papa fundi, nianze na ile mistari sita. Najua utachukia kuiona imefutwa, maana uliiandika vizuri, hadi na mchoro. Nimeifuta kwa faida yako. Breve, ambayo wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi huiita hataza, ni haki ya kumiliki uvumbuzi; hupewa kitu kipya, na upya huo unapimwa kwa yale ambayo watu wameshaoneshwa. Gazeti hili likiuchapa ufundi wako leo, kesho mtu yeyote atausoma kwa bei ya gazeti, na wewe mwenyewe ukienda kuomba breve watakuonesha ukurasa huu. Ningekuwa nimekuua kwa wema.

Sasa karatasi ya bwana wako. Picha uliyopiga imeinama na kidole chako kimefunika tarehe, lakini kilichonihusu kinaonekana: namba inaanza na herufi EP na inaishia na A1. Herufi hizo ni za ofisi ya hataza ya Ulaya, ile ya Munich. A1 maana yake ni maombi yaliyochapishwa. Mtu ameomba, ofisi imeyatangaza ombi lake ulimwengu uone, basi. Wangekuwa wameshampa, karatasi ingeandikwa B1. Na hata B1 si mwisho wa maneno, kwa kuwa tangu siku ya kutangazwa kwamba imetolewa, mtu yeyote ana miezi 9 ya kupeleka pingamizi Munich: mshindani, chuo, hata wewe ukiwa na ada. Ikipita katika pingamizi ikiwa imerekebishwa, inatoka na B2. Kwa hiyo bwana huyu amekuja kukudai kodi ya nyumba kwa kukuonesha barua ya mtu anayeomba kiwanja. Huenda mwenye kuomba alipewa baadaye, sikatai. Hilo linaangaliwa bure katika hazina ya ofisi hiyo kwenye intaneti, inaitwa Espacenet. Andika namba hiyo kwa utulivu, bila kidole.

Umeuliza kama mtu anaweza kumiliki kubandika. Hawezi. Anamiliki madai yake, yaani zile sentensi zenye namba zilizo mwishoni mwa karatasi, ambazo nabahatisha bwana huyo hakukuletea. Watu hutishwa na michoro. Michoro inasaidia kuelewa; kinachofunga ni sentensi zile, neno kwa neno. Dai likisema kitu hiki kina sehemu A, B na C, na kazi yako ina A na B peke yake, kwa kawaida hujaingia shambani mwake.

Gundi yenyewe unayotumia ndiyo mfano mzuri. Kabla ya miaka ya 1950 kufika mbali, watafiti wa General Electric huko Marekani walikuwa tayari wamepata kimiminika kinachoganda kikikosa hewa. Walipewa hataza. Shida yake ilikuwa moja, lakini kubwa: ili kisigande chomboni, ilibidi kipulizwe hewa ndani yake muda wote. Hebu fikiria garaji yako hapo Katuba, umeme umekatika, na gundi yako inahitaji pampu ya hewa usiku kucha. Hakuna aliyeihitaji. Mwaka 1953 profesa wa kemia wa chuo cha Trinity, Hartford, jina lake Vernon Krieble, akapata mchanganyiko unaotulia chupani bila pampu, na ukibanwa na chuma unashika. Ndio mwanzo wa kampuni ya gundi ya Loctite. Hataza yake ilitoka mwaka 1959.

Sasa jiulize, iliwezekanaje apewe hataza wakati wenzake wa General Electric walishamtangulia? Kwa sababu hakudai «gundi inayoganda bila hewa». Hiyo ilikuwa imeshajulikana. Alichoandika katika madai ni mchanganyiko wake, wenye dawa aliyoichagua yeye, unaotulia chupani. Shamba lake lilikuwa dogo, lakini ndilo lililokuwa na maji. Na shamba hilo nalo lilikuwa na mwisho: hataza za Marekani za wakati huo zilidumu miaka 17 tangu kutolewa, hivyo ya 1959 ilikufa 1976. Wewe na mimi na huyo muuzaji wa vipuri sote tuna haki sawa juu ya wazo lile la msingi. Kinachomilikiwa leo ni maboresho: gundi inayovumilia joto zaidi, inayoshika hata penye oili, namna fulani ya kuunganisha kipande fulani na kingine.

Msidhani wakubwa hawagombani kwa maneno. Vyuma vya kumimina, kama mabloku ya injini, hutoka na vitundu vidogo visivyoonekana, na kuna njia ya kuviziba kwa kuvinyonyesha kimiminika cha jamii hii hii. Juu ya kazi hiyo Loctite iliishitaki kampuni iitwayo Ultraseal, na mwaka 1985 kesi ikawa mbele ya mahakama ya rufaa ya shirikisho, Marekani. Moja ya mambo waliyovutania ni neno moja tu, lile linalosema kwamba kitu kinaganda pasipo hewa. Lina maana gani hasa? Majaji wakasema maana isitafutwe hewani. Isomwe katika madai, katika maelezo ya hataza yenyewe, na katika barua ambazo mwenye hataza aliandikiana na ofisi alipokuwa akiiomba. Nakumbusha hili ili ujue kwamba mtu mwenye hataza ya kweli hukuambia ni dai namba ngapi umelivunja. Wako alikuambia dola 1500.

Tuje nyumbani. Hataza ni ya nchi iliyoitoa. Ya Ulaya hufanya kazi katika nchi za Ulaya ilikothibitishwa. Morocco na Tunisia zimefunga mkataba ili iweze kuthibitishwa huko pia, sisi hatumo. Na watu wengi hapa, hata wenzangu wenye kanzu nyeusi, huchanganya OHADA na OAPI, jumuiya mbili za nchi za Afrika. Congo yetu iliingia OHADA mwaka 2012, hiyo ni sheria ya biashara na haina sura ya hataza. OAPI ya Yaoundé ndiyo ya hataza, na humo wamo ndugu zetu wa Brazzaville, sisi hatumo. Katika ARIPO ya Harare, ambayo nayo ni ya hataza, pia hatumo. Sisi tuna sheria yetu, namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, na ofisi yake iko Kinshasa, katika Wizara ya Viwanda.

Lakini usianze kucheka. Sheria hiyo ina kitu kiitwacho breve ya kuingiza: mwenye hataza ya nje anaweza kuja kuiomba hapa, na akipewa inaishi maadamu ile ya kwao inaishi. Kwa hiyo swali la maana la kumwuliza bwana wako ni hili: namba ya breve ya Kinshasa ni ipi? Na la pili, barua ya mwenye breve inayomteua yeye awe mwakilishi iko wapi? Muulize kwa upole, mbele ya shahidi, na umtengenezee chai. Asipojibu, usilipe wala usitie sahihi popote, hata pale anapokuambia ni «kukiri kupokea tu». Kufunga garaji ni kazi ya hakimu, na hakimu hutoa karatasi yenye muhuri. Akikutisha tena, muombe aandike kwa maandishi alichokisema. Utashangaa jinsi kalamu inavyowakaushia watu koo.

Jambo moja kabla sijaiacha mipaka. Umesema malori yako yanashuka Kasumbalesa. Kilomita 90 hivi kutoka hapa, ukivuka kile kizuizi, uko Zambia, na Zambia imo katika ARIPO. Hataza iliyotolewa Harare ikiitaja Zambia inafanya kazi kule. Kurekebisha lori Katuba ni jambo moja. Siku utakapoanza kutengeneza bushi zako kwa mamia na kuziuza Kitwe, uchunguzi wote huu unaanza upya.

Sasa kuhusu kumiliki wewe. Hapa nitakuwa mkali. Yule bwana hajakuumiza kama ulivyojiumiza mwenyewe na ile video. Uliwaonesha watu ambao hawakuwa na wajibu wowote wa kukutunzia siri, na mmoja wao ndiye aliyefika mlangoni kwako. Ulaya hiyo inatosha kuua upya wa uvumbuzi. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kujitangaza. Hapa kwetu usijenge nyumba juu ya huruma. Nimeitazama video yako mara nne (aliyenitumia simjui, jambo ambalo lenyewe linakujibu). Kwa bahati umeme ulikuwa umekatika nusu ya kazi, na lile jambo hasa lililokuwa katika mistari sita halionekani. Unaonekana mgongo wako na tochi. SNEL, shirika letu la umeme, imekuokoa. Iondoe leo.

Hata kama upya umebaki, kuna mlima wa pili: je, fundi mwingine wa kawaida angefikia hapo bila jasho? Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya KSR na Teleflex, iliangalia kanyagio la gari linalosogezwa mbele na nyuma, lililowekewa kihisio cha kielektroniki. Kanyagio lilijulikana, kihisio kilijulikana. Mtu akaviunganisha akadai hataza. Akashindwa. Majaji walisema fundi wa kawaida naye ana ubunifu wa kawaida, si mashine. Sheria hiyo si yetu, lakini swali ni hilo hilo popote utakapokwenda. Kupaka gundi kwenye bushi, kuacha nafasi ndogo, kusafisha kwanza, hayo yameandikwa katika vijitabu vya wauza gundi vyenyewe. Nusu ya kwanza ya mistari yako sita, samahani, ni hayo. Nusu ya pili sijapata kuiona mahali.

Na hapo nina swali la binti wa mkerezaji. Lile lori moja lililorudi, lilirudi kwa nini? Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua bushi ya kipenyo cha milimita 100: joto likipanda nyuzi 80, tundu la alumini linafunguka kwa milimita 0.18 hivi, bushi ya chuma inanenepa kwa 0.10 tu. Katikati gundi inavutwa huku na huku, kila siku, kila mlima wa barabara ya Likasi. Kama namna yako inashughulikia hilo, na 39 kati ya 40 zimesimama, basi kitu unacho. Kama hujui kwa nini zimesimama, hutaweza kuandika dai, kwa sababu dai ni kusema ni nini hasa kinachofanya kazi.

Baba alikuwa na kifaa chake cha kunyooshea beringi zisikae upande wakati gundi inashika. Alikikereza mwenyewe kwa vyuma vya kutupwa, siku za Jumapili, nyumbani kwetu komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Alikipeleka kazini kwa furaha, akakiacha juu ya benchi. Mwaka uliofuata kilikuwa katika kitabu cha mafunzo cha kampuni, kimechorwa vizuri sana, na chini yake jina la mhandisi mmoja ambaye sikumbuki kama aliwahi kuushika mkono wa baba. Mzee hakusema kitu. Alikuwa na daftari, lakini ndani yake mlikuwa na vipimo tu, hamna tarehe. Wewe nunua daftari lenye kurasa zilizoshonwa, andika kila lori: tarehe, kipimo cha tundu, kipimo cha bushi, gundi gani, joto la siku hiyo, limerudi au halijarudi. Mtu wa pili atie sahihi. Video hapana.

Ukitaka kuomba, tutaomba Kinshasa. Hataza ya Congo ikitoka hudumu miaka 20 tangu kuombwa, mradi ada za kila mwaka zinalipwa, na hilo ndilo linalowashinda wengi. Ukiomba hapa una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine huku ukihesabiwa tarehe ile ile ya kwanza, maana Congo imo katika Mkataba wa Paris tangu 1975. Ama ukiamua kunyamaza ukaifanya siri ya garaji, hilo pia ni njia, na ni rahisi. Lakini siri ya watu wangapi? Katika garaji yako mko wangapi? Nauliza hivyo kwa sababu ya barua ifuatayo.

*

SWALI: Mama, jambo sana. Mimi ni kijana wa miaka 20, najifunza ufundi katika garaji moja ya hapa Lubumbashi, sitaitaja. Miaka mitatu sasa, silipwi, napewa bukari (ugali) ya mchana na nauli. Bosi wangu ana namna ya kubandika bushi ambayo mji mzima unaisifu. Mama, kile kitu cha *(nimefuta mistari mitatu. Mama Avoka)* mimi ndiye niliyekifikiria, siku ambayo yeye alikuwa amekwenda matanga Kipushi. Aliporudi nikamwonesha, akasema «vizuri», na tangu hapo anasema «namna yangu». Na najua kwa nini lile lori moja lilirudi, nilimwambia asikimbilie kulifunga, akanikaripia mbele ya mwenye lori. Simchukii, ndiye aliyenifundisha kushika spana. Ila nimesikia anataka kwenda kuandikisha. Jina langu litakuwepo? Chapisha tu, nimechoka kunyamaza. *Mwanafunzi wa Garaji*

JIBU: Mwanangu, barua yako ilifika siku tatu baada ya nyingine, katika bahasha ya aina ile ile, na alama ya kidole chenye grisi mahali pale pale. Mistari yako mitatu nimeilinganisha na nusu ya pili ya mistari fulani sita. Sitasema zaidi hapa, na aliyeandika ile sita anasoma ukurasa huu sasa hivi.

Mvumbuzi, kwa sheria, ni yule aliyefikiria jambo lenyewe. Aliyeshika taa, aliyekereza kwa vipimo alivyopewa, aliyenunua gundi, mwenye garaji, hao wote huenda wana haki nyingine, lakini uvumbuzi si wao kwa sababu hizo. Kama wazo la kubandika bushi ni la bosi na lile jambo uliloliongeza ni lako, na dai haliwezi kuandikwa bila vyote viwili, basi wavumbuzi ni wawili. Marekani hataza iliyoficha jina la mvumbuzi wa kweli inaweza kuanguka kwa sababu hiyo peke yake, kwa hiyo kukutaja wewe si zawadi anayokupa, ni kuilinda karatasi yake mwenyewe. Kuhusu miaka mitatu ya bukari na nauli, hiyo ni habari ya sheria ya kazi, na nitaijibu mwezi ujao kwa hasira inayostahili.

Una ushahidi gani? Umeandika ilikuwa siku ya matanga Kipushi. Tarehe ya matanga inajulikana, watu walikuwepo, bosi wako alikuwa huko na wengi walimwona. Andika leo unachokumbuka, siku kwa siku, mpe mtu mzima unayemwamini atie sahihi na tarehe. Usipige picha ya kipande chenyewe kuipeleka popote. Na ile sababu ya lori kurudi usimwambie mtu mwingine yeyote, hata shangazi yako mwenye duka la simu.

Mimi siwezi kuwa avoka wa pande mbili, nitalazimika kumtafutia mmoja wenu mwenzangu mwingine. Lakini kabla ya kufika huko, njoo ofisini Jumanne saa nne asubuhi. Nimemwandikia na mtu mwingine saa hiyo hiyo. Nje kuna benchi moja tu, mtakaa pamoja mkinisubiri, na mimi siku hizo huwa nachelewa. Mmoja wenu alete daftari, na mwingine alete lile boksi la gia lililorudi, kama bado halijauzwa.